Nyumba Nne za Familia Moja: Makazi na Historia ya Bonde la Bagnes

Katika jimbo la Valais, kusini-magharibi mwa Uswisi, pale ambapo milima ya Alpi inaitenga nchi hiyo na Italia, lipo bonde liitwalo Val de Bagnes ambalo, kutoka vijiji vyake vya chini vyenye bustani za matunda hadi kilele cha Grand Combin chenye mita 4,314 juu ya usawa wa bahari, limo karibu lote ndani ya manispaa moja. Msomaji aliyezoea kulisikia neno manispaa likitajwa pamoja na mji, stendi ya mabasi na soko kuu huenda akashangaa, kwa maana manispaa ya Uswisi ni ngazi ya chini kabisa ya utawala, yenye halmashauri yake na kodi zake, na yaweza kuwa kijiji cha watu wachache tu au, kama hapa, eneo la takriban kilomita za mraba 300 ambalo sehemu yake kubwa ni mwamba, barafu na majani ya mlimani, huku watu wake wapatao 10,000 wakiwa wametawanyika katika vijiji na vitongoji vingi visivyofanana hata kidogo.

Mto wa bonde hilo, Dranse de Bagnes, huzaliwa kwenye barafu za mpaka wa Italia, hushuka kuelekea kaskazini-magharibi, huungana na mto mwenzake kwenye mji mdogo wa Sembrancher, kisha humwagikia mto Rhône karibu na Martigny. Makao makuu ya manispaa ni Le Châble, palipo na mita zipatazo 820 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja juu yake kuna Bruson, upande wa pili Verbier kwenye bapa linalotazama jua, na anayepanda na mto hukutana na Versegères, Champsec, Lourtier na Fionnay, ambapo bonde hujibana na kuwa korongo. Jina Bagnes lenyewe kwa kawaida huhusishwa na neno la Kilatini lenye maana ya mabafu, ingawa hakuna chemchemi ya maji moto inayoonekana huko leo, na masimulizi ya wenyeji husema kwamba ilifukiwa.

Historia iliyoandikwa ya bonde hili huanza na deni. Amédée III, mtawala wa Savoie, aliazima meza ya altare iliyopambwa kwa dhahabu kutoka abasia ya Saint-Maurice, yaani nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 515 kando ya mto Rhône, ili agharimie safari yake katika Vita vya Msalaba. Akafariki Kupro mwaka 1148 kabla ya kulipa, na mwaka 1150 mwanawe Humbert III akawafidia watawa kwa kuwapa haki zake juu ya Bagnes. Hivyo bonde zima, pamoja na watu wake, likawa malipo ya meza moja, na abati wa Saint-Maurice akawa bwana wa kikabaila wa wakulima wa huko, akiwatoza zaka na kuwahukumu, kwa zaidi ya karne sita. Mwaka 1475 watu wa Valais ya Juu, wanaosema Kijerumani, waliiteka Valais ya Chini kutoka kwa Savoie, lakini wakulima wa Bagnes, ambao lugha yao ilikuwa lugha ya milimani iliyo jamaa ya Kifaransa, hawakupata uhuru kwa ushindi huo: waliongezewa tu bwana mwingine juu ya yule waliyekuwa naye. Utawala huo ulivunjika mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yalipoingia. Valais ikawa jamhuri kwa muda, Napoleon akaimeza katika himaya yake mwaka 1810, na hatimaye mwaka 1815 ikajiunga na shirikisho la Uswisi. Jumba la msimamizi wa abasia bado limesimama Le Châble, na katika karne ya 20 aliishi humo Maurice Chappaz, mmoja wa waandishi wakubwa wa Valais.

Hata hivyo mambo ya mabwana na mikataba hayatoshi kueleza kwa nini vijiji vimekaa vilivyokaa. Jambo linaloeleza zaidi ni mwinuko. Katika nchi ya tambarare mkulima huongeza shamba kwa kusogea pembeni, ilhali katika bonde la Alpi husogea juu, na kila mita mia kadhaa anazopanda hubadilisha mmea, majira na kazi. Ndiyo maana familia ya kawaida ya Bagnes, hadi katikati ya karne ya 20, haikuwa na makazi mamoja bali manne. Chini kabisa, nje ya bonde, ilikuwa na kipande cha mizabibu na kijumba huko Fully, kwenye uwanda wa Rhône wenye joto. Kijijini ilikuwa na nyumba ya majira ya baridi, pamoja na mashamba ya nafaka na viazi. Juu ya kijiji ilikuwa na kile kiitwacho mayen, neno linalotokana na jina la mwezi wa Mei, yaani nyumba ndogo yenye zizi na malisho ambako familia iliwapeleka ng'ombe wakati majani ya juu zaidi yakiwa bado chini ya theluji, na kurudi tena siku za vuli. Na juu ya yote, kati ya mita 1,900 na 2,500 hivi, yalikuwapo malisho ya kiangazi, alpage, ambako ng'ombe wa kijiji kizima walikabidhiwa kwa wachungaji wachache na mtengenezaji jibini.

Mtu aliyelipita bonde hilo mwezi wa Juni angeweza kudhani kwamba vijiji vimehamwa. Milango ilikuwa imefungwa, mabomba ya moshi hayatoi moshi, kuku hawaonekani. Kumbe watu wako mita 600 juu yake, na baada ya majuma machache watashuka kukata majani, kisha baadhi yao watakwenda Fully kwenye mizabibu, na mavuno yakiisha watapanda tena. Hata padri na mwalimu ilibidi wapange ratiba zao kwa kufuata safari hizo. Kuwaita watu hawa wahamaji lingekuwa kosa, kwa sababu kila kituo kilikuwa na nyumba yenye hati na mwenyewe. Lakini kuwaita wakazi wa kijiji kimoja lingekuwa kosa vilevile.

Mpangilio huo uliendana na desturi ya urithi iliyowagawia watoto wote sawasawa, wa kiume na wa kike. Baada ya vizazi vitatu au vinne mtu aliweza kumiliki robo ya zizi, sehemu ya chumba katika mayen na vipande vingi vya shamba, kimoja hapa na kingine ng'ambo ya mto. Ghala la nafaka, ambalo huko huitwa raccard, laonyesha vizuri ustadi uliozaliwa na maisha hayo. Ni chumba cha magogo ya mlarasi, mti wa jamii ya msonobari ambao mbao zake hugeuka karibu nyeusi kwa jua, nacho hakikai chini bali juu ya miguu mifupi ya mbao, na juu ya kila mguu limewekwa bamba la jiwe la duara lililo pana kuliko mguu wenyewe. Panya aupandaye mguu hukuta dari la jiwe juu ya kichwa chake, hana pa kushika, na hurudi chini. Ndani, masuke ya rai, nafaka ya jamaa ya ngano inayostahimili baridi, yalikaushwa na kupurwa humohumo, na ghala moja liligawanywa vyumba kwa warithi kadhaa, kila mmoja na ufunguo wake.

Kilichoizuia mali hiyo iliyokatwakatwa isiwe chanzo cha ugomvi wa kila siku ni vyama vya wenye hisa, consortages, vilivyosimamia mali isiyogawanyika: malisho ya juu na mifereji mirefu iitwayo bisses, iliyochongwa kwenye magenge ili kuteka maji ya barafu na kuyapeleka mashambani, maana Valais, ijapokuwa imezungukwa na barafu, ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi za Uswisi. Mfereji wa Saxon, wenye kilomita zipatazo 32, ulivuka mipaka ya manispaa kadhaa ukiwa na maji ya bonde jirani la Nendaz. Hisa ya mfereji ilihesabiwa kwa saa za zamu, na hisa ya malisho kwa idadi ya ng'ombe. Katika kijiji cha Törbel, upande wa mashariki wa jimbo hilohilo, kanuni iliyoandikwa katika karne ya 16 ilimkataza mtu kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko aliowalisha wakati wa baridi, na ni kwa kutumia mfano huo kwamba mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa mali ya pamoja haiharibiki lazima.

Zao la malisho hayo ni jibini, na katika Uswisi nzima jina Bagnes huliwa kabla ya kusomwa. Duara la jibini lenye uzito wa kilo tano hivi, lililopigwa chapa ya jina ubavuni, hukatwa nusu, na uso uliokatwa huelekezwa kwenye moto hadi uanze kutoa jasho na kulegea. Mpishi huuinamisha juu ya sahani na kukwangua tabaka lililoyeyuka kwa kisu, likaangukia kiazi kilichochemshwa na ganda lake. Chakula hicho huitwa raclette, kutokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukwangua. Ng'ombe wenyewe, wa aina ya Hérens, ni wafupi, wenye misuli na rangi nyeusi au ya damu ya mzee, na siku wanapofika malishoni hupigana pembe kwa pembe mpaka ajulikane malkia atakayeliongoza kundi. Wanadamu hutazama tu, na leo hulipa kiingilio.

Maji yaliyolisha mifereji ndiyo pia yaliyolihukumu bonde. Juu ya korongo la Mauvoisin, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu kutoka Lourtier, inaning'inia barafuto ya Giétro. Barafuto ni mto wa barafu nzito usioyeyuka mwaka mzima, ambao hujongea polepole kwa uzito wake. Barafuto hiyo ilipokua, vipande vyake vilivunjika na kuanguka korongoni, na mwaka 1595 viliuziba mto, ziwa likajaa nyuma yake, likapasuka na kuua zaidi ya watu 100. Mlipuko wa volkano ya Tambora huko Indonesia mwaka 1815 ulileta miaka ya baridi na njaa katika Ulaya, barafu za Alpi zikanenepa, na katika machipuko ya 1818 wakazi wa Bagnes waliona mto wao umepungua wakati ambao ulipaswa kufurika. Waliopanda kuchungulia walikuta ukuta wa barafu na nyuma yake ziwa lililofikia urefu wa kilomita tatu na zaidi.

Serikali ya jimbo ilimtuma mhandisi wake, Ignaz Venetz, ambaye aliamua kutoboa handaki ndani ya ukuta huo juu kidogo ya usawa wa maji, ili ziwa likipanda lianze kujipunguza lenyewe. Kwa takriban mwezi mmoja vibarua walichimba barafu kwa sururu kutoka pande zote mbili, huku mapande mengine yakiendelea kuanguka kutoka juu, wakafungua njia yenye mita zipatazo 200. Tarehe 13 Juni maji yaliingia handakini na kufanya kama Venetz alivyotarajia: yaliyeyusha sakafu ya njia yao, handaki likazama pamoja na uso wa ziwa, na karibu theluthi moja ya maji ikatoka kwa amani. Lakini maporomoko yaliyotoka upande wa pili yalikula mguu wa ukuta, na alasiri ya tarehe 16 Juni ukuta ukabomoka. Takriban mita za ujazo milioni 20 zilishuka kwa nusu saa hivi. Champsec iliharibiwa, huko Le Châble magogo na mawe yalikwama darajani na maji yakapanda nyuma yake mpaka daraja lilipovunjika, na baada ya saa moja na nusu gharika ilikuwa Martigny. Waliokufa ni watu wapatao 40, nao wangekuwa wengi zaidi bila handaki lile na bila walinzi waliowekwa kutoa ishara ya hatari. Barafu ilipoanza kujikusanya upya, Venetz aliishinda kwa njia ambayo yastahili kusifiwa hata leo: aliyaongoza maji yaliyopashwa moto na jua kwa mifereji ya mbao hadi juu ya rundo la barafu, nayo yakaikata mithili ya msumeno.

Msiba huo ulikuwa na mtoto asiyetarajiwa, naye ni elimu ya enzi za barafu. Kijijini Lourtier aliishi Jean-Pierre Perraudin, aliyezaliwa mwaka 1767, seremala na mwindaji wa swala wa milimani. Katika kuzunguka kwake aliona kwamba miamba migumu iliyo mbali na barafu yoyote ilikuwa na mikwaruzo iliyonyooka kufuata mwelekeo wa bonde, na kwamba mawe makubwa ya juu yalikuwa yamelala chini mahali pasipo asili yao. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba mawe hayo yalisukumwa na gharika kuu. Perraudin alisema maji hayakwaruzi mwamba namna hiyo, na kwamba barafu zamani ilijaza bonde lote. Mwaka 1815 alimweleza hayo Jean de Charpentier, mkurugenzi wa machimbo ya chumvi ya Bex, aliyelala nyumbani kwake, naye mgeni akaona wazo hilo halistahili hata kujadiliwa. Venetz alilisikia baadaye na akalikubali, akalitetea mbele ya wanasayansi mwaka 1829. Yeye akamgeuza Charpentier, Charpentier akamgeuza Louis Agassiz, na mwaka 1837 huko Neuchâtel Agassiz akautangazia ulimwengu kwamba ilikuwapo enzi ya barafu. Vitabu vingi humtaja huyo wa mwisho, na baadhi humsahau kabisa yule wa kwanza, kasoro ambayo si ngumu kueleza: Agassiz alikuwa profesa, na Perraudin alikuwa na shoka.

Karne moja na ushei baadaye korongo lilelile liliwekewa ukuta mwingine, safari hii wa zege. Bwawa la Mauvoisin, lililokamilika mwaka 1958 kwa kimo cha mita 237 na kuongezwa mwaka 1991 hadi mita 250, ni kati ya mabwawa ya upinde marefu kuliko yote duniani, yaani mabwawa ambayo ukuta wake umepinda ili msukumo wa maji uelekezwe kwenye miamba ya pande mbili. Linabeba mita za ujazo zaidi ya milioni 200, mara kumi ya zile zilizoua watu mwaka 1818, na maji yake huzungusha mitambo ya umeme Fionnay na baadaye Riddes, kwenye uwanda wa Rhône. Kwa kuwa sheria ya Valais huipa manispaa umiliki wa maji ya mito ya mabonde ya pembeni, kampuni ya umeme hupewa haki ya kuyatumia kwa muda maalumu na kulipa ada kila mwaka. Manispaa ambayo mababu zake waliuogopa mto ikajikuta inaishi kwa mto huo. Barafuto ya Giétro bado ipo juu ya bwawa, imepungua sana, na wapimaji huifuatilia kwa miongo mingi sasa, kwani kipande kikubwa kikianguka majini chaweza kuinua wimbi.

Kazi za bwawa zilileta barabara na mishahara, reli ikafika Le Châble mwaka 1953, na vijana ambao wangerithi robo ya zizi waliona hawana haja nalo. Wakati huohuo Verbier, kijiji cha malisho chenye mita 1,500, kiligundua kwamba mteremko wake na theluji yake vina bei. Kampuni ya magari ya kamba, vibanda vinavyosafiri hewani kwa waya, iliundwa mwaka 1950, na leo mteleza theluji hupandishwa hadi Mont Fort, mita 3,328. Verbier pia ndipo mwisho wa mashindano ya kijeshi ya kuteleza kutoka Zermatt, yaliyoanza mwaka 1943, na tangu 1994 ina tamasha la muziki wa okestra kila kiangazi. Mizani ya bonde ikapinduka: bapa la ng'ombe likawa mji wa kimataifa ambao majira ya baridi husikika lugha nyingi, na vijiji vya chini, vilivyokuwa na kanisa, mahakama na heshima, vikawa mahali wanapolala wafanyakazi wake, isipokuwa Bruson na Sarreyer ambavyo bado vimeshika sura ya zamani.

Hapa kuna kinaya ambacho wenyeji hawakosi kukitaja. Bonde ambalo kila familia ilikuwa na nyumba tatu au nne, nyingi zikiwa tupu sehemu kubwa ya mwaka, lilijaa nyumba za likizo za watu wa mbali, nazo zikiwa tupu sehemu kubwa ya mwaka. Na tarehe 11 Machi 2012 wapiga kura wa Uswisi, kwa wingi mdogo na dhidi ya matakwa ya Valais, waliamua kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya makazi ya manispaa yoyote. Ujenzi mpya wa aina hiyo Verbier ulikwama. Tofauti, bila shaka, ni kwamba nyumba za zamani ziliachwa tupu na mtu aliyekuwa kazini mita 600 juu yake.

Tarehe 1 Januari 2021 Bagnes iliungana na jirani yake Vollèges, yenye vijiji vya Le Levron, Vens na Chemin, na manispaa mpya ikachukua jina la bonde. Siasa za huko zilikuwa na sifa ya ukali: kwa vizazi kadhaa wahafidhina wa Kikatoliki na waliberali walikuwa na mabaa yao na bendi zao za tarumbeta, na mtoto alijua ala atakayopiga kabla ya kujua kusoma. Muungano, kinyume chake, ulipita kwa kura.

Juu ya Fionnay, kwenye njia ya kwenda kwenye kibanda cha wapanda milima cha Panossière, mpita njia zamani aliikatiza barafuto ya Corbassière kwa miguu. Barafu ilipojivuta nyuma na kuiacha njia ikiwa hatari, mwaka 2014 lilitundikwa daraja la kamba za chuma lenye urefu wa takriban mita 200, nalo humpitisha juu ya shimo ambalo barafu ililijaza. Aliye katikati ya daraja akitazama chini huona kokoto, maji ya rangi ya maziwa, na miamba mitupu, laini, yenye mikwaruzo iliyonyooka kuelekea Lourtier.